Mifuko Thelathini Ukutani

(Nasaha iliyotolewa kwa vijana na wazazi wao katika ukumbi wa madrasa, Mji wa Kale, Mombasa, juma la mwisho la mwezi wa Shaabani)



Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, mama zangu, baba zangu, na nyinyi wanangu mlioketi kule nyuma karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya kuipokea Ramadhan majumbani mwetu. Najua wengi mnangoja nianze na israfu ya futari, niingie kwenye televisheni, nimalizie na simu. Hayo mmeyasikia, na Inshaallah mtayasikia tena kwa mashekhe wetu ambao wanayajua kuliko mimi. Leo nataka kuzungumza juu ya kitu kidogo tu cha kitambaa, ambacho kimeingia katika nyumba zetu miaka hii ya karibuni na kimeleta maneno. Kwangu kilileta maneno kabla ya kwenu, ndiyo manake nikaona nina haki ya kukisema.

Nakusudia zile kalenda za Ramadhan za watoto. Mmeziona. Ni kitambaa kirefu cha kutundika ukutani, kina picha ya msikiti au ya mwezi na nyota, nacho kimeshonewa vifuko thelathini vyenye nambari. Kila siku jua likitua mtoto hufungua kifuko kimoja akatoa chokoleti au kichezeo. Ziko nyingine za karatasi ngumu zenye vijidirisha, na nyingine za mbao zenye visanduku vidogo vya kuvuta. Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambako ndugu zetu wengi wamehamia, siku hizi huuzwa madukani zikiwa tayari na chokoleti ndani, na hata zenye tende ziko. Tena huko mambo yamekuwa makubwa. Mwaka 2023 katikati ya London zilitundikwa taa za Ramadhan barabarani kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata Frankfurt nayo ikawasha zake. Na hapa kwetu wako dada zetu wanaoshona kalenda hizi na kuziuza kwa WhatsApp. Mwenyezi Mungu awabarikie biashara yao, sikuja kuwaharibia.

Ya kwetu ililetwa na dada yangu anayekaa Maskati. Ilipofunguliwa, watoto walipiga kelele za furaha. Mamangu, ambaye ana miaka sabini na kitu, alivaa miwani, akaigusagusa, akauliza: "Hii si ile ya Wazungu ya Krismasi?" Dada yangu kwenye simu akamjibu, "La, mama, hii ina misikiti." Mamangu akavua miwani. "Hata mbuzi ukimvisha kanzu," alisema, "huwezi kumswalia nyuma."

Basi vita vikaanza. Dada yangu alinuna. Mume wangu akasema yeye hana rai. Na mimi, niwaambie kweli, nilikuwa upande wa watoto, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kitambaa kile kilikuwa kizuri.

Lakini lazima tuseme haki: mamangu hakukosea kuhusu asili yake. Wakristo wana muda wa kungojea Krismasi, wao wenyewe kwa Kiswahili huuita Majilio. Huko Ujerumani katika karne ya 19 familia za Kilutheri zilikuwa zikihesabu siku hizo kwa kuchora mistari ya chaki mlangoni na kufuta mmoja kila siku, au kutundika picha moja moja ukutani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchapaji mmoja wa Munich aitwaye Gerhard Lang akaanza kuzichapa kalenda hizo na kuziuza. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mamake alimshonea peremende 24 kwenye karatasi ngumu, awe anakula moja kila siku badala ya kuuliza kila asubuhi Krismasi ni lini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi zikawa adimu, kalenda zikapotea. Vita vilipokwisha zikarudi, na ilipofika miaka ya 1950 zikaanza kutiwa chokoleti. Leo huko Ulaya mtu mzima hununua kalenda ya namna hiyo yenye vipodozi au manukato, kwa bei ambayo hapa ingelipa kodi ya nyumba. Hata Wakristo walioshika dini yao huko hulalamika kwamba mambo yamegeuka biashara.

Sisemi haya ili tuwacheke jirani zetu. Mombasa hii tunaishi nao, tunasoma nao, tunazikana. Nayasema kwa sababu ukimwambia kijana "hii si yao" na kumbe ni yao, siku atakapojua hatakuamini tena hata katika la kweli.

Sasa, je, inafaa? Masuala ya hukumu waulizeni mashekhe, mimi ni mwalimu wa watoto tu. Nimewasikia wanaosema kuwaiga watu wa dini nyingine katika sikukuu zao kumekatazwa, na hoja yao nzito. Nimewasikia na wanaosema kitambaa cha kuhesabia siku ni katika ada wala si katika ibada, na ada asili yake ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kukataza. Suala hili si jipya katika mji huu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa akiliandika hapa hapa Mombasa katika magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Aliwalaumu vijana wa wakati wake kwamba walikuwa wakichukua kwa Wazungu mavazi na ngoma, wakaacha elimu na bidii ya kazi. Hebu angalieni, hakuwaambia wasichukue kitu. Ugomvi wake nao ulikuwa juu ya kile walichochagua.

Basi na mimi nikajiuliza: je, sisi hatukuwa na chetu cha kuhesabia?

Tulikuwa nacho, na kikubwa kuliko kitambaa. Wanangu, nani anaweza kuniambia mfunguo sita ni mwezi gani? Haya, mzee mmoja tu amenyanyua mkono. Ni mwezi wa Maulidi, Rabiul Awwal. Wazee wetu wa pwani hawakusema Shawwal, walisema mfunguo mosi, na wengine hutamka mfungo mosi. Dhulqaada ni mfunguo pili, Dhulhijja mfunguo tatu, Muharram mfunguo nne, hivyo hivyo mpaka mfunguo tisa. Halafu huja Rajabu, kisha Shaabani ambao waliuita mwezi wa mlisho, kisha Ramadhan yenyewe. Miezi tisa katika kumi na miwili ilikuwa haina jina lake ila hesabu tangu siku ile tulipofungua. Mwaka mzima umetundikwa kwenye msumari mmoja.

Na angalieni ule mwendo wa hesabu yao. Kalenda ya Majilio huhesabu kwenda mbele: zimebaki kumi, zimebaki tano, imefika. Wazee wetu walihesabu kutoka Ramadhan, kama mtu anayehesabu tangu mgeni wake aondoke. Huu ni mwezi wa tatu tangu atuage, huu wa nne.

Nyanya yangu, mamake mamangu, alikuwa hajui kuandika. Mwezi ukiandama aliweka bakuli la udongo dirishani. Kila siku baada ya kufuturu alitia kokwa moja ya tende ndani yake, kokwa ya tende yake ya kwanza. Sisi watoto tulikuwa tukichungulia. Bakuli lilianza tupu na lilikuwa likijaa. Nataka mlikumbuke bakuli hilo, manake nitalirudia.

Na juu ya kuwapa watoto vitu, nako tuna asili. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Bibi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) kwamba walipofunga siku ya Ashura waliwafungisha na watoto wao wadogo, na wakiwatengenezea vichezeo vya sufu, yaani manyoya ya kondoo. Mtoto akilia chakula alipewa kichezeo hicho mpaka wakati wa kufuturu ufike. Nilimsomea mamangu hadithi hii, nikadhani nimemshinda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akasema: "Sawa. Itundike."

Tukaitundika.

Siku ya kwanza ilikuwa furaha. Ya pili pia. Siku ya tatu adhana ya Maghrib ililia, tende nikawa nayo mkononi, mkeka umetandikwa, uji wa pilipili manga unafuka moshi, mahamri na mbaazi ziko tayari, na watoto hawapo. Wako ukutani wanagombania kifuko. Dua ya kufuturu nikaisoma peke yangu na mamangu. Hakusema kitu, lakini alinitazama.

Siku ya nne msichana wangu, alikuwa na miaka saba wakati huo, aliniambia kwa raha zake: "Mama, zimebaki ishirini na sita tu, halafu inaisha." Nilishtuka. Mimi nilikuwa nikimfundisha kwamba mwezi huu ni mgeni mwenye heshima, na kitambaa kilikuwa kikimfundisha jinsi ya kuhesabu lini mgeni ataondoka. Siku ya kumi na moja kakake alifungua kifuko akakuta chokoleti asiyoipenda, akasema, "Leo Ramadhan ni mbaya." Maneno ya mtoto, mtasema. Ndiyo, lakini mtoto hutamka kile ulichompa akitamke.

Hilo bado si lililoniuma.

Chini ya ngazi zetu kuna mama mmoja anayekaanga viazi karai na bhajia jioni, Ramadhan hukaanga na kaimati. Ana mtoto wa kiume, wakati ule ana miaka minane. Huyu mtoto ni kama wangu, hupanda juu na kushuka apendavyo. Siku ya saba alikuja kabla ya Maghrib akasimama mlangoni. Aliitazama ile kalenda muda mrefu. Aliwaona wangu wamefungua, wamekula. Kisha akaniuliza, si kwa kuomba, aliuliza kama anavyouliza saa ngapi: "Na mimi yangu ni nambari ngapi?"

Vifuko thelathini, watoto wangu wawili, nilikuwa nimezigawa kumi na tano kumi na tano. Sikuwa na jibu. Nikasema maneno fulani, nikampa chokoleti kutoka jikoni, akashukuru akaenda zake. Usiku ule baada ya Tarawehe nililia, na nilipomweleza mamangu hakusema "nilikwambia". Alisema: "Zamani mtoto hakuwa anapewa Ramadhan. Alikuwa anaibeba."

Vijana wa leo huenda hamkuyaona, kwa hivyo ngoja niwaeleze. Yeye amezaliwa Kibokoni. Anasema kila siku baada ya Alasiri watoto wote wa mtaa walikuwa vichochoroni, kila mmoja ana sahani kichwani au mkononi imefunikwa kwa kawa. Huyu anapeleka vibibi kwa Bi fulani, yule analeta mkate wa sinia, huyu ana bakuli la tambi, wanapishana pembeni mwa nyumba, wanachunguliana ndani ya kawa. Na sahani hairudi tupu, hata ikirudi na tende tatu au limau moja. Kufika Maghrib kila nyumba ilikuwa na chakula cha nyumba saba, na mtoto alikuwa amejua mlango wa kila mjane na kila mgonjwa. Hakuna aliyemfundisha somo la jirani.

Desturi hii haijafa kabisa, Alhamdulillahi, bado mnaiona huko Kuze na Mkanyageni na kwengineko. Lakini imepungua. Watu wamehamia Nyali, Kisauni, Bamburi, kwenye maghorofa ya vyumba na milango ya chuma. Majirani hawajuani majina. Na kitambaa changu ukutani kilikuwa kimemaliza kazi: kilimfanya mtoto angoje ndani.

Usiku ule ule tulivitoa vyote vilivyobaki. Hatukuishusha kalenda. Mamangu mwenyewe alikataa ishushwe, alisema kitambaa hakina makosa. Tulikata vipande vya karatasi, nikawa naandika huku yeye akitaja. "Mpelekee mzee wa chini sahani." "Pangeni viatu vya watu mlangoni mwa msikiti wakati wa Tarawehe, kimya kimya." "Mpigie simu shangazi Maskati, muulize alifuturu na nani." "Humu mna shilingi hamsini, si zako, mtafute mwenyewe." "Mfundishe mwenzako sura moja unayoijua." Peremende tulizirudisha kiasi, watoto ni watoto, na mabuyu na kashata pia, lakini zilikuwa mbili mbili: moja yako, moja ya mtu umchague wewe, na asiwe ndugu yako.

Tukabadilisha na wakati. Nilikuwa nimeisoma ile hadithi ya Bibi Rubayyi kwa pupa. Kichezeo chao kilikuja saa ya njaa, mtoto anapolia, kumsaidia afike. Changu kilikuja baada ya adhana, kama mshahara. Basi kifuko kikawa kinafunguliwa baada ya Alasiri, ile saa ngumu ambayo mtoto anayefunga huanza kuuliza ni saa ngapi kila dakika tano. Akifungua, ana kazi ya kufanya, anashuka ngazi, na akirudi adhana iko karibu. Wenye watoto wanaofunga nusu siku wanaweza kukifungua kabla ya Adhuhuri, kwa maana hiyo hiyo.

Na bakuli likarudi dirishani. Kila siku kifuko kimoja kinakuwa kitupu, na kokwa moja inaongezeka. Kumi la mwisho msichana wangu alikuwa hasemi tena zimebaki ngapi, alikuwa anazihesabu kokwa. Siwaambii kwamba alikuwa walii. Alitaka kujua kama bakuli litajaa kushinda la mwaka jana alilokuwa anasimuliwa na nyanyake.

Wala msidhani mambo yalinyooka. Kakake alichana karatasi mbili kwa hasira kwa sababu hazikuwa na peremende. Siku moja walipeleka sahani kwa mzee wa chini, na siku ya pili, na ya tatu, mpaka mzee wa watu akapanda ngazi mwenyewe, akihema, akaniambia, "Mwanangu, nakuomba, waambie watoto wasiniletee kaimati, mimi nina sukari." Tukampelekea pweza.

Kuna wazazi wameniuliza, mbona tusiache yote, tufanye kama zamani tu? Ningependa. Lakini kichochoro cha zamani kilikuwa na watoto hamsini wenye sahani. Ukikaa ghorofa ya nne Bamburi, mtoto wako ni mmoja na lango lina askari. Kila nyumba siku hizi inalazimika kujitungia desturi yake. Wengine hutundika taa, wengine hununua fanusi kama za Misri. Ndugu zetu wa Oman wana usiku wao wa katikati ya Ramadhan wanaouita Qaranqashoh, watoto huzunguka milango kwa milango wakipewa peremende na njugu, na dada yangu ameniambia sasa huko nako kuna mifuko maalumu ya kununua dukani kwa ajili ya usiku huo. Picha za futari za simuni sizisemi, nimeahidi. Ninachouliza kwa kila desturi mpya ni swali la yule mtoto wa mlangoni. Akija, ana nambari?

Na jambo hili litazidi. Ramadhan hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Nakumbuka mwaka 2000 iliingia mwishoni mwa Novemba na Idd ikaja siku chache tu baada ya Krismasi. Nilikuwa msichana, tukifunga huku madukani nyimbo za Krismasi zinalia na miti ya plastiki imewekwa milangoni. Mwaka 2030, Mwenyezi Mungu akituweka hai, Ramadhan itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa Kizungu, mapema Januari na tena mwisho wa Desemba. Wenye maduka hawatakuwa na haja ya kushusha mapambo, watabadilisha nyota tu. Nyinyi vijana wa leo ndio mtakaokuwa na watoto wadogo wakati huo.

Sasa nimalizie kisa cha yule mtoto.

Siku ya nane, baada ya vile vikaratasi, tuliwaita wote watatu tukagawa upya. Wangu walimpa mwenzao vifuko vyake, na kwa ukarimu wao wakamwachia nambari thelathini, ile ya mwisho, kubwa kuliko zote, imeshonwa kwa uzi wa dhahabu. Yeye ndiye aliyeitaka. Ndani yake mamangu alitia kitu mwenyewe, akafunga kwa kishikizo, hata mimi hakunionyesha.

Kalenda ya Majilio haina taabu hii ninayotaka kuieleza. Siku zake ni 24, kila mwaka 24. Mwezi wetu sisi Mtume (S.A.W.) aliuonyesha kwa vidole vya mikono yake, mara tatu, na mara ya tatu akakunja kidole gumba: ni ishirini na tisa, au thelathini. Hujui mpaka uangalie juu. Na sisi watu wa Mombasa hata tukiangalia juu hatukubaliani, ziko Idd ambazo mtaa mmoja umeswali siku mbili, lakini hayo nayaacha.

Jioni ya ishirini na tisa vijana walikuwa juu ya mapaa na wengine ufukweni. Sisi tulikuwa na redio. Baada ya Isha likaja tangazo la Kadhi Mkuu: mwezi umeandama. Mji ukalipuka, mnajua unavyolipuka, honi, takbiri, wanawake wanakimbilia hina na Marikiti imejaa mpaka usiku wa manane. Watoto wangu walirukaruka. Yule mwenzao alisimama mbele ya kalenda. Alisema, "Siku yangu haikuja."

Msichana wangu akamwambia afungue tu, nani atamzuia. Mimi pia nilisema afungue. Akakataa. Alisema hiyo ni ya siku ya thelathini na siku ya thelathini haipo. Nyanya yao ndiye aliyecheka, akamwambia, "Basi itakuja mwaka mwingine, mwanangu, wala haitaoza, nakuapia."

Asubuhi ya Idd alikuja na kanzu mpya, tukaenda naye Makadara kwenye pembea, kifuko hakikutajwa.

Mwaka uliofuata tukatundika tena, na mwezi ukaandama usiku wa thelathini, yaani tena ishirini na tisa. Mjue mwenyewe. Juzi nimeitoa kabatini, nikaipiga pasi, kifuko kile bado kina kishikizo chake. Mamangu haoni vizuri siku hizi, lakini alikipapasa akatabasamu. Watoto wakakaa kugawana. Yule mwenzao sasa ana miaka kumi, sauti imeanza kuwa kubwa, humsaidia mamake kumenya viazi. Wangu wakamwonea huruma, wakasema mwaka huu achukue nambari moja, ambayo lazima ifike.

Akasema la. Anataka ile ile ya thelathini.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.